Kabla ya Kuzikana

Watu wa Afrika Mashariki tunajua kukusanyika mtu akishakufa. Turubai linafungwa, viti vinaazimwa, daftari la rambirambi linafunguliwa, wanawake wanakaa kwenye mikeka na wanaume wanakesha nje wakizungumza siasa na mpira. Hata jirani ambaye hamjasalimiana mwaka mzima atakuja, maana asipokuja atasemwa. Jambo hili tumelijengea taasisi na tumeipa jina: chama cha kufa na kuzikana. Katika miji ya Tanganyika wakati wa ukoloni, watu waliohama kutoka bara kutafuta kazi walianzisha vyama vya watu wa kwao, na moja ya shughuli za mwanzo ilikuwa kuhakikisha kwamba mwenzao akifa hazikwi kama mtu asiye na ndugu. Mkoani Kagera, nilikozaliwa, vyama vya mazishi vipo vijijini mpaka leo. Kila mwanachama anajua mchango wake: fedha, ndizi, kuni, maji, au nguvu za kuchimba kaburi.

Jambo ambalo hatukuwa tumelijengea taasisi ni kukusanyika kabla. Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma kuhusu vikundi vya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi vilivyoanza Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980. Mara nyingi vinatajwa kama utangulizi: vilikuwepo, kisha dawa zikaja, ndipo hadithi yenyewe ikaanza. Mimi nataka kukaa kwenye huo utangulizi. Kwa zaidi ya miaka 10, wengi wa wanachama wa vikundi hivyo hawakuwa na njia ya kupata dawa yoyote ya kuzuia virusi. Walikuja hata hivyo, wiki kwa wiki. Swali langu ni dogo: walifuata nini?

Tuanze na hali ilivyokuwa. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kufikia mwaka 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa umeripoti wagonjwa. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, watu waliuita ugonjwa huu silimu, kwa jinsi ulivyomkondesha mtu. Kwetu Kagera uliitwa Juliana, jina la nguo iliyokuwa fasheni na iliyoletwa na wafanyabiashara wa mpakani, kana kwamba ugonjwa nao ulivuka ukiwa umekunjwa ndani ya mzigo. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1987 katika mji wa Bukoba ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 4 ana virusi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, baadhi ya kliniki za wajawazito katika miji ya Uganda zilikuta karibu asilimia 30.

Mwezi Machi 1987 Marekani iliidhinisha AZT, dawa ya kwanza ya kupambana na virusi hivyo. Bei yake ilikuwa karibu dola 10,000 kwa mwaka. Kwa mwalimu wa shule ya msingi wa Muleba au mchuuzi wa Kampala, dawa ile kuwepo au kutokuwepo yalikuwa mamoja.

Mitaani kulikuwa na utani mwingi. Vijana wa Dar es Salaam walizichukua herufi za AIDS wakazifanya kuwa "Acha Iniue Dogodogo Siachi". Mgonjwa alisemwa amekanyaga miwaya, ana ngoma, ana mdudu. Tumezoea kusema kwamba utani ule ulikuwa ukatili, na kwa kiasi fulani ulikuwa. Lakini ukiusoma sasa unaona pia hofu. Mtu anayecheka miwaya anajiambia kwamba yeye hajaikanyaga.

Mwanahistoria John Iliffe, ambaye wanafunzi wa historia ya Tanzania hukutana naye mapema sana, alichapisha mwaka 2006 kitabu kuhusu historia ya Ukimwi barani Afrika. Hoja yake moja imenisaidia sana. Anasema ukubwa wa janga Afrika ulitokana kwa sehemu kubwa na ukimya wa virusi vyenyewe: vilienea kwa miaka mingi kabla ya mtu yeyote kujua vipo, kwa sababu kati ya kuambukizwa na kuugua hupita muda mrefu, mara nyingi miaka kama 10. Iliffe anaeleza kuenea kwa ugonjwa. Mimi niliposoma pale niliwaza jambo la nyumbani zaidi. Vipimo vilipoanza kupatikana, ukimya ule ulimzalisha mtu wa aina mpya: anayejua kwamba ana ugonjwa utakaomuua, huku bado analima, anafundisha, anakwenda sokoni. Si mgonjwa wa kuuguzwa wala mzima wa kuachwa aendelee na mambo yake. Kwa mtu huyo hatukuwa na neno, hatukuwa na salamu, hatukuwa na shughuli. Utamwambia nini? Pole ni ya aliyeugua au aliyefiwa. Hongera haimhusu.

Nina sababu ya kung'ang'ania jambo hili. Mjomba wangu, kaka yake mama, alifariki Bukoba mwaka 1994, kabla sijazaliwa. Nyumbani husemwa aliugua kifua. Mama alipokubali kunisimulia, hakuanza na ugonjwa. Alianza na msiba: watu walikuwa wengi mpaka migomba ya jirani ikavunjwa kwa kukosa pa kukaa. Kisha akaongeza, kama anayetaja jambo dogo, kwamba miezi minne ya mwisho hakuna aliyevuka kizingiti cha chumba kile isipokuwa yeye na bibi. Watu walifika uani, wakauliza hali, wakaacha mkungu wa ndizi, wakaenda zao. Nilikasirika. Nikamuuliza walikuwa watu gani hao. Mama akanishangaa. "Walikuwa majirani zetu," akasema. "Ndio haohao waliochimba kaburi."

Jibu hilo lilibadilisha namna ninavyosoma. Majirani wale hawakukosa utu. Walikuwa na ustadi kamili wa kuzika na hawakuwa na ustadi wowote wa kukaa na mtu anayesubiri. Ustadi huo ilibidi utengenezwe, na waliokuwa na haja nao zaidi ndio walioutengeneza.

Mwaka 1986, Mganda aitwaye Christopher Kaleeba, aliyekuwa akisoma katika mji wa Hull, Uingereza, aliugua sana na kukutwa na Ukimwi. Mkewe, Noerine Kaleeba, alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia jijini Kampala na kiongozi wa chuo kilichofundisha fani hiyo. Alisafiri kwenda kumwuguza. Baadaye alisimulia mara nyingi tofauti aliyoiona. Kule ugenini mumewe alihudumiwa bila kuogopwa, na yeye mwenyewe akaulizwa anaendeleaje. Waliporudi nyumbani walikutana na woga, hata kwa watu wa afya, ambao ndio walikuwa wenzake wa kazi. Christopher alifariki Januari 1987.

Katika kipindi hicho Noerine alikuwa ameanza kukutana na watu wengine wenye mzigo kama wake. Mwaka 1987 watu 16 walianzisha shirika lililoitwa TASO, kifupi cha jina la Kiingereza lenye maana ya shirika la kusaidia watu wenye Ukimwi. Wengi wa hao 16 walikuwa na virusi wenyewe. Wengine walikuwa wamefiwa au wanauguza. Wengi wao walifariki katika miaka ya mwanzo. Nimejaribu kufikiria maana ya sentensi hiyo kwa watu waliobaki. Unaanzisha kikundi ukijua kwamba daftari la wanachama litakuwa pia orodha ya misiba. Unamfundisha mwenzako kutoa ushauri nasaha, na mwaka unaofuata unatafuta mwingine wa kushika nafasi yake.

Na bado kikundi kilikua. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 TASO ilikuwa na vituo katika miji kadhaa ya Uganda, ikiwemo Masaka, Tororo, Mbarara, Mbale na Jinja. Kulikuwa na ushauri nasaha. Kulikuwa na matibabu ya magonjwa nyemelezi, yaani kifua kikuu, utando wa mdomoni, kuhara, vidonda vya ngozi, maradhi ambayo yaliweza kutibiwa hata pale virusi vyenyewe vilipokuwa havitibiki. Hili lisipuuzwe, kwa sababu mtu akitibiwa kuhara anaweza kurudi shambani kwa miezi au miaka. Watumishi waliwatembelea wagonjwa majumbani. Na kulikuwa na kituo cha mchana, mahali ambapo watu walikuja kukaa tu: kunywa chai, kula pamoja, kushona, kusuka, kuimba, kuigiza. Baadaye wanachama walikuwa na kikundi cha ngoma na maigizo kilichokwenda shuleni na mitaani.

Ukisoma taarifa za wafadhili wa wakati ule, kituo cha mchana kinaweza kuonekana kama pambo. Mimi nadhani ndicho kilikuwa kiini. Kumbuka hali ya majumbani: kikombe cha mgonjwa kimetengwa, sahani yake imewekewa alama, shuka zake zinafuliwa kwa fimbo. Mtu aliyetoka kwenye nyumba ya namna hiyo akaingia chumba ambamo chai inamiminwa kutoka birika moja na vikombe havina wenyewe, alipewa kitu ambacho hakuna daktari wa wakati ule angeweza kumwandikia. Na hakulazimika kuzungumza. Kila aliyekuwa pale alijua.

Tuna methali mbili zinazogusa jambo hili, na nimezitafakari sana. Ya kwanza ni ile inayosema mficha maradhi kifo humuumbua. Ilitumika sana katika kampeni za afya, na ina hekima yake. Lakini itazame vizuri: inamlaumu mgonjwa peke yake. Haisemi lolote kuhusu anayeambiwa. Inadhani kwamba ukifichua, upande wa pili yupo mtu anayejua kupokea. Katika mwaka 1987 aliyefichua aliweza kufukuzwa kazi, kuachwa na mume, kunyang'anywa shamba na shemeji. Kuficha hakukuwa ujinga.

Methali ya pili ni adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kwa kawaida tunaisema kwa kukata tamaa: hakuna anayeweza kujua uchungu wa mwenzake, basi tuache. Vikundi hivi viliichukua methali hiyo kwa uzito na kufika kwenye hitimisho tofauti. Ikiwa kweli aijuaye ni maiti peke yake, basi mfariji anayefaa ni maiti mwenzake. Tuwakutanishe wazungumze. Katika chumba kile mtu aliweza kuuliza maswali ambayo kwingine yasingeulizika. Je, nimwambie mtoto? Je, naruhusiwa kutamani kuolewa tena? Ukianza kuona vidonda vya mdomoni imebaki miezi mingapi? Aliyejibu hakuwa anakisia.

Wakati huohuo jambo kama hilo lilikuwa likitokea kwetu. Mwaka 1989, jijini Dar es Salaam, familia zilizoguswa na ugonjwa pamoja na mtaalamu wa ustawi wa jamii Theresa Kaijage walianzisha WAMATA, yaani Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania. Lisome tena jina hilo. Ndani yake hamna neno mgonjwa wala neno mwathirika. Walio katika mapambano anaweza kuwa mwenye virusi, mama yake, muuguzi wake, au mjane wake. Kwa usomaji wangu, hilo lilikuwa jambo la vitendo kabisa: mtu aliyeonekana akiingia mlango wa WAMATA hakuwa amejitangaza kuwa chochote zaidi ya mpambanaji. Jina lilikuwa pazia, na nyuma ya pazia mtu aliweza kukaa.

Suala la majina lina historia ndefu kuliko Afrika Mashariki. Mwaka 1983, katika mkutano wa afya jijini Denver, Marekani, kundi dogo la watu wenye Ukimwi lilitoa tamko la kukataa kuitwa wahanga, na kukubali kuitwa wagonjwa kwa nyakati tu. Walitaka kuitwa watu. Hapa kwetu safari ilipita njia yake. Magazeti yaliandika mgonjwa wa Ukimwi, kisha mwathirika, neno lililodumu muda mrefu na ambalo bado unalisikia kwenye daladala. Baadaye likaja mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi, na kifupi chake, WAVIU. Tunaweza kuyacheka maneno ya semina. Lakini linganisha kitenzi: mwathirika amefanywa jambo, na jambo limekwisha. Anayeishi, anaishi. TASO walikuwa na msemo wao kwa Kiingereza ambao kwa Kiswahili tuliuchukua kama kuishi kwa matumaini. Ulitumika hadi ukachakaa, ukabandikwa kwenye kila ukuta wa zahanati. Mwanzoni, hata hivyo, ulikuwa hoja kali. Ulisema kwamba muda uliopo kati ya kipimo na kaburi ni maisha, na una kazi zake.

Kazi mojawapo ilikuwa kuandika. Mwaka 1992 wanawake wa Uganda wenye virusi waliunda chama chao, NACWOLA. Katika miaka iliyofuata akina mama wa chama hicho walianza kutengeneza vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao. Wazo hilo lilikuwa limejaribiwa Uingereza kwa akina mama wenye virusi, baadhi yao wakiwa Waafrika waliohamia huko, na wanawake wa Uganda wakalifanya kuwa lao. Kitabu kilikuwa daftari la kawaida. Mama aliandika jina la ukoo na lilikotoka, babu na bibi walikuwa nani, mtoto alizaliwa wapi na siku ile ilikuwaje, alianza lini kutembea, alipenda kula nini, baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Alibandika picha kama ipo. Aliandika pia, kama aliweza, kuhusu ugonjwa wake.

Hawakuandika peke yao. Walikaa pamoja, na hapo ndipo ninapoona kazi ya kikundi. Jaribu kuandika barua ya kumuaga mtoto wa miaka sita ukiwa peke yako chumbani usiku. Huenda usipite mstari wa kwanza. Waliandika mchana, wakiwa na wenzao wanaoandika jambo lilelile, mmoja akilia mwenzake anamsubiri, asiyejua kuandika anaandikiwa.

Kama mwanafunzi wa historia, vitabu hivi vinanigusa mahali pengine pia. Tunafundishwa kulalamikia uhaba wa nyaraka za watu wa kawaida. Tunatafuta sauti ya mwanamke wa kijijini katika mafaili ya mabwana shauri na kumpata kwenye kesi ya mahari tu. Na hapa kuna wanawake ambao, wakiwa na muda mfupi na madaftari ya shule, waliandika historia za koo zao wenyewe kwa sababu waliona dhahiri kwamba asipoandika yeye hakuna atakayemwambia mtoto. Nyumbani kwetu hakuna aliyeandika. Ninajua kuhusu mjomba mambo matano hivi, na mawili kati ya hayo mama na mama mdogo hawakubaliani.

Nisifanye vikundi hivi viwe hadithi tamu. Kwanza, kuingia tu kulikuwa hatari. Gari la shirika likisimama mlangoni, mtaa mzima ulijua. Pili, katika sehemu nyingi waliokuja walikuwa wanawake zaidi. Wanaume walichelewa, au walikuja wakiwa wamebebwa. Tatu, kufarijiwa na watu wanaokufa kuna gharama yake. Kila kiti kilichobaki wazi kilimkumbusha mwanachama zamu yake.

Ugumu wa nne ndio unaonisumbua zaidi, na unahusu neno ushuhuda. Mwaka 1989 watu wawili walisimama hadharani katika ukanda wetu. Uganda, mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya alitangaza kwamba ana Ukimwi. Wapo waliodhani anatafuta soko la nyimbo zake. Alitumia miezi iliyobaki kuzungumza shuleni na makanisani, akafariki Desemba mwaka huohuo. Kenya, Joe Muriuki, aliyekuwa amepewa majibu mwaka 1987 na kuambiwa kwamba hana muda mrefu, naye alijitokeza, kisha akaanzisha kikundi cha kuelimisha umma. Muriuki alifariki mwaka 2022, miaka 35 baada ya majibu yale. Ujasiri wao uliokoa watu. Lakini ulileta pia sura mpya: mtu mwenye virusi akiwa jukwaani, na hadhira ikisubiri asimulie.

Wafadhili walipokuja na fedha, walikuja pia na hamu ya kusikia. Daktari na mwanaanthropolojia Vinh-Kim Nguyen ameeleza mwisho wa mwelekeo huo katika kitabu chake cha mwaka 2010, The Republic of Therapy. Utafiti wake ulifanyika Burkina Faso na Ivory Coast, mbali na kwetu, ila mashirika ya kimataifa yaliyofundisha huko yalifundisha kote. Katika miaka ya mwisho ya 1990 vikundi vya watu wenye virusi vilipewa mafunzo ya kujieleza, na wakati huohuo dawa chache zikaanza kuingia, zisizotosha. Nani apewe? Nguyen aliona kwamba waliojua kusimulia vizuri maisha yao walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufikiwa na dawa. Yaani hadithi ya mtu, iliyoanza kama kitu cha kumpunguzia mzigo, ikawa tiketi. Na asiyejua kusimulia, au asiyetaka, akabaki nyuma.

Nikisoma hapo ninarudi kwenye tofauti niliyoitaja. Katika kituo cha mchana mtu aliweza kunyamaza na bado akapata chai. Jukwaani kimya hakina malipo. Kikundi kinachofariji na kikundi kinachokusanya shuhuda vinaweza kuwa na jina moja, chumba kimoja na mwenyekiti yuleyule, na mwanachama akajua siku ileile mambo yalipobadilika. Sisi tunaosoma taarifa miaka 30 baadaye tunaweza tusijue kabisa, kwa sababu kilichoandikwa ni ushuhuda. Chai haikuandikwa.

Kisha dawa zikaja kweli. Mwaka 1996 ilithibitika kwamba mchanganyiko wa dawa kadhaa unaweza kuvizuia virusi. Kwa miaka kadhaa bei ilibaki maelfu ya dola. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuuza mchanganyiko huo kwa dola 350 kwa mwaka kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, na mlango ukaanza kufunguka. Tanzania ilianza mpango wa kitaifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo mwaka 2004.

Hapo likatokea jambo linalofaa kuwekwa kwenye kila somo la historia ya tiba. Wataalamu wengi walikuwa na shaka kama Waafrika maskini wangeweza kufuata masharti ya dawa hizo bila madaktari wa kutosha. Huko Jinja, Uganda, TASO ilishiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2009: baadhi ya wagonjwa walihudumiwa kliniki, na wengine walipelekewa dawa majumbani kwa pikipiki na watumishi waliofunzwa ambao hawakuwa madaktari wala wauguzi. Matokeo ya afya katika makundi yote mawili yalikuwa sawa. Njia ya kwenda nyumba hadi nyumba, kubisha hodi, kuketi, kuuliza umelalaje, ilikuwa imezoeleka zamani, wakati aliyebisha hodi hakuwa na dawa mkononi.

Kwa hiyo walifuata nini? Nadhani walifuata mahali ambapo kuwa hai bado kulikuwa shughuli ya watu wengi. Chama cha kufa na kuzikana kinamhakikishia mwanachama kwamba hatakuwa peke yake siku moja, ile ya mwisho. Vikundi hivi vilichukua mantiki ileile, zamu, mchango, daftari, kutembeleana, vikaisogeza nyuma mpaka siku ya majibu. Ndiyo maana sioni kama viliazimwa kutoka nje, pamoja na fedha na semina zote. Mifupa yake ilikuwa yetu. Kilichokuwa kipya ni kuvuka kizingiti mapema.

Na waliovuka wengine wamezeeka. Kati ya akina mama walioandika vitabu vya kumbukumbu wapo ambao dawa ziliwakuta wakiwa hai. Walikuwa wameandika kwa ajili ya yatima, na yatima hawakupatikana. Watoto wamekua, wengine wana watoto wao. Daftari lililoandikwa lisomwe baada ya mazishi linasomwa sebuleni, mtoto akisoma kwa sauti, na mwandishi amekaa pembeni anamkatiza: hapo nilikosea, bibi yako hakuzaliwa mwaka huo, lete kalamu.